Nyota Zilizopima Ziwa Kivu

Wengi hudhani kwamba elimu ya mabaharia na nyota ni mali ya watu wa pwani peke yao, na kwamba mwananchi anayeishi bara, katikati ya milima na migomba, hana haja nayo. Dhana hiyo si sahihi. Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, lakini historia yake haiwezi kueleweka vizuri bila kuzijua nyota, saa na vyombo vya majini. Mpaka unaopita kati ya Gisenyi na Goma, kisha ukaingia majini na kulikata Ziwa Kivu, ulitokana na mabishano ya miaka 25, na kiini cha mabishano hayo kilikuwa swali moja la kibaharia: mahali hapa pako wapi hasa juu ya uso wa dunia?

Majibu ya swali hilo yamehifadhiwa vipande vipande katika nyumba za makumbusho: nyingine ziko Mombasa na Lamu, nyingine Kigali, nyingine ng'ambo. Yafaa vipande hivyo vikusanywe pamoja, ili mzazi aweze kumweleza mwanawe kwa nini ziwa analoogelea ni moja lakini lina nchi mbili.

ELIMU YA WATU WA PWANI

Safari hii haina budi kuanzia pwani, kwa kuwa ndiko ilikotoka hata lugha inayotumika katika soko la Gisenyi na katika soko la Goma. Kiswahili kilipanda bara pamoja na misafara ya wachukuzi, wafanyabiashara na askari, nacho kilibeba maneno ya baharini: tanga, nanga, kasia, nahodha, dira.

Katika makumbusho ya Lamu huonyeshwa mifano ya mtepe, chombo cha kale cha Waswahili. Mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa ukindu. Chombo cha namna hiyo kilitegemea pepo mbili kubwa. Kaskazi, inayovuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, ilivileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza karibu na Aprili, iliwarudisha. Nahodha aliyekosea majira alikuwa amekosea mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo watu wa pwani walishika hesabu mbili za siku. Miezi ya dini ilifuata mwandamo wa mwezi, lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo haufai kutabiri pepo wala mvua. Kwa kazi ya bahari na shamba walitumia mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wakazihesabu siku zake kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, inayofanyika mwezi Julai, ni kumbukumbu ya hesabu hiyo. Mkulima naye alitazama Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, ambacho kuzama na kuzuka kwake humwonyesha mabadiliko ya majira.

Kujua wakati wa kuondoka ni jambo moja; kujua mahali ulipo katikati ya maji ni jambo jingine. Hapo mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia kamali, chombo duni kwa sura lakini cha akili nyingi. Ni kibao kidogo cha mraba chenye kamba iliyofungwa mafundo. Baharia aliing'ata kamba kwa meno kwenye fundo fulani, akainyoosha, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari, kisha akaangalia kama ukingo wa juu unaigusa Nyota ya Jaa, yaani nyota ya kaskazini. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Nyota ikilingana na kibao kwenye fundo la bandari fulani, nahodha alijua kwamba amefika usawa wa bandari hiyo. Kilichobaki ni kuelekeza chombo mashariki au magharibi mpaka nchi ionekane. Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Uarabuni, alieleza elimu ya namna hii katika kitabu chake kikubwa cha unahodha kilichoandikwa karibu na mwaka 1490, na njia za pwani ya Afrika Mashariki alizijua pia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498, alipewa rubani aliyemvusha mpaka Bara Hindi. Wareno walikuwa na meli kubwa, lakini njia ilijulikana na wenyeji wa bahari ile.

Wareno waliacha alama nyingine. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1960. Humo vimewekwa vitu vilivyotolewa chini ya maji kutoka katika meli ya vita Santo António de Taná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati Waarabu wa Oman walipoizingira. Wapiga mbizi waliichunguza meli hiyo katika miaka ya 1970. Mtoto anayeviona vitu hivyo hufahamu kwamba historia haimo vitabuni peke yake. Mara nyingine imelala matopeni, ikingoja mtu wa kuiinua.

TATIZO LA MASHARIKI NA MAGHARIBI

Kamali na zana nyingine zilizoifuata ziliweza kumwambia baharia umbali wake kutoka ikweta, yaani latitudo. Hazikuweza kumwambia yuko mashariki au magharibi kwa kiasi gani, yaani longitudo. Sababu yake ni rahisi. Dunia huzunguka, na nyota zinazopita juu ya Mombasa sasa zitapita juu ya Gisenyi baada ya muda mfupi. Kwa kutazama nyota peke yake mtu hawezi kutofautisha mahali hapa na pale. Anahitaji kujua pia ni saa ngapi mahali pengine wakati huo huo.

Hesabu yake ni hii. Dunia hukamilisha mzunguko wa nyuzi 360 kwa saa 24. Kwa hiyo saa moja ni nyuzi 15, na uzi mmoja ni dakika 4. Karibu na ikweta, uzi mmoja ni takriban kilomita 111. Maana yake ni kwamba mtu ambaye saa yake imekosea kwa dakika moja ataandika mahali pake kilomita 28 mbali na palipo kweli.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayelitatua tatizo hilo. Aliyelitatua kwa saa ni John Harrison, mtu aliyeanza maisha kwa kazi ya useremala. Saa yake ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilipelekwa kwa meli mpaka Jamaica, na baada ya siku 81 ilionekana imechelewa kwa sekunde 5 tu. Saa hiyo imehifadhiwa hadi leo Greenwich, karibu na London, penye jumba la kuchunguzia nyota lililoanzishwa mwaka 1675. Mwezi Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakachagua mstari unaopita Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabia longitudo duniani kote.

Tarehe hiyo ifaa kukumbukwa, kwa kuwa mwezi uliofuata, Novemba 1884, wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuzungumza habari za Afrika.

MSTARI ULIOCHORWA KABLA YA ZIWA KUONEKANA

Mwezi Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya nchi aliyoiita Dola Huru ya Kongo. Upande wa mashariki mpaka ulifuata longitudo ya nyuzi 30 kutoka Greenwich mpaka kwenye latitudo ya uzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta. Kutoka hapo ulinyooka moja kwa moja mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Mstari huo haukufuata mto, wala mlima, wala makao ya watu. Mzungu yeyote alikuwa bado hajaliona Ziwa Kivu. Livingstone na Stanley walikuwa wamefika kwa mtumbwi kwenye mlango wa mto Rusizi mwezi Novemba 1871, wakathibitisha kwamba mto huo huingia Tanganyika wala hautoki humo. Lakini hawakupanda mpaka ziwa ambako mto huo unaanzia.

Wenyeji walilijua ziwa lao. Walivuka kwenda kisiwa cha Ijwi, wakafanya biashara na kuoana. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri alikuwa amekiteka kisiwa hicho kwa jeshi lililovuka kwa mitumbwi, na masimulizi ya kale yanaeleza kwamba alifariki mwaka 1895 akiwa ziwani, katika safari ya vita. Lakini elimu ya wenyeji ilikuwa vichwani na vinywani. Haikuwa kwenye karatasi, na wale waliokaa mezani hawakuiuliza.

Mtu akiuchora mstari ule wa 1885 juu ya ramani ya leo, ataona jambo la kushangaza. Ziwa Kivu lote linabaki upande wa Kongo. Gisenyi iko Kongo, kiasi cha kilomita 60 na zaidi ndani ya mpaka. Hata Musanze iko Kongo. Huo ndio uliokuwa mpaka wa makaratasi.

Tarehe 21 Desemba 1893, Mjerumani aitwaye Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, kwenye pwani ya Tanganyika, pamoja na msafara mkubwa wa wachukuzi. Mwezi Mei 1894 alikutana na Rwabugiri, na mwezi Juni akaliona Ziwa Kivu, akapanda pia mlima Nyiragongo. Alipotoa habari za ziwa kubwa na zuri lililoko kwenye nchi ya milima, Wajerumani walianza kudai kwamba mpaka wa mstari hauna maana, na kwamba mpaka wa haki ni ule unaofuata maji na milima. Dola ya Leopold ilishikilia karatasi yake. Mabishano yakawa makubwa.

SAA KICHWANI MWA MCHUKUZI

Ili kujua nani anasema kweli, ilibidi ziwa lipimwe. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Saa ya baharia hukaa ndani ya sanduku, kwenye meli isiyotikisika sana. Barani saa hiyo ilichukuliwa na watu, ikapanda vilima na kushuka mabonde, ikapata joto mchana na baridi usiku. Baada ya miezi kadhaa haikuaminika tena. Ndiyo sababu wapimaji walirudi kwa nyota: walipima umbali wa mwezi kutoka kwa nyota fulani, au walitazama kwa darubini miezi ya sayari ya Mshtarii inapoingia kivulini, kwa kuwa matukio hayo yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa mapema na kuandikwa kwenye majedwali kwa saa za Greenwich. Mbingu yenyewe ilifanywa saa.

Upana wa Ziwa Kivu kutoka mashariki hadi magharibi, mahali palipo papana zaidi, haupiti kilomita 50 hivi. Kosa la dakika mbili za saa lingetosha kulihamisha ziwa lote kwenye ramani.

Mmoja wa waliofanya kazi ya kulichunguza ziwa ni Dakta Richard Kandt, mganga wa Kijerumani aliyekuja kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1898 alifika kwenye chemchemi za mto Rukarara, katika msitu wa Nyungwe. Baadaye aliishi kusini mwa Ziwa Kivu, akazunguka pwani zake na kuziandika. Mwaka 1907 alianzisha kituo cha Kigali. Nyumba yake, iliyoko Nyarugenge, sasa ni makumbusho, na mwananchi anayeitembelea hukuta picha na maelezo ya maisha ya Rwanda wakati wa utawala wa Wajerumani. Ni vyema wazazi wanaofika Kigali na watoto wao wasiipite nyumba hiyo bila kuingia.

Mwaka 1899 maofisa wa pande mbili walipatana kwa muda kwamba kila upande ukae ulipo mpaka vipimo vifanyike. Tume ya Wajerumani na ya Dola ya Kongo ilipima nchi kati ya mwaka 1900 na 1902. Mwisho wake wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels mwaka 1910, na mwezi Mei wakafikia mapatano. Mstari ulionyooka wa 1885 ukaachwa. Mpaka ukapitishwa mtoni Rusizi, katikati ya maji ya Kivu, na kati ya Gisenyi na Goma, kisha ukaelekea kwenye milima ya volkeno. Pwani ya mashariki ikabaki na Rwanda iliyokuwa chini ya Wajerumani. Ijwi, pamoja na pwani ya magharibi, ikaenda kwa Wabelgiji.

Haifai kusema kwamba nyota peke yake ziliamua. Wakubwa walijadiliana, wakapeana hiki na kunyimana kile. Lakini bila vipimo vya nyota hakuna ambaye angejua ni kitu gani hasa kinagawanywa. Na wale waliogawanywa, yaani watu wa Ijwi, wa Gisenyi na wa vijiji vya kaskazini, hawakuwa na kiti Brussels. Jamaa walilala usiku mmoja wakiwa jirani, wakaamka wakiwa wageni wa nchi mbili.

MPAKA WA MAJI WALETA VITA

Miaka minne tu baadaye, mpaka huo ulimwagiwa damu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walivuka ziwa na kukiteka kisiwa cha Ijwi mwezi Septemba 1914. Kwa kipindi fulani Gisenyi ilikuwa mstari wa mbele, na wenyeji wake waliona mizinga na mahandaki kabla ya kuona shule nyingi. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika kutoka Kongo, yaliingia Rwanda, na Wajerumani wakarudi nyuma.

Jina la von Götzen nalo liliingia majini. Meli iliyoitwa kwa jina lake iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya la Liemba. Vizazi vingi vya wasafiri wa Kigoma vimeijua kwa jina hilo. Chombo kimoja kinasimulia utawala wa nchi tatu.

WAVUVI WA SAMBAZA NA MWEZI

Elimu ya nyota haikuishia kwa wapimaji wa mipaka. Kila jioni kwenye pwani ya Rubavu huondoka mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba kulinganisha makasia. Wanakwenda kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, ambao leo ni kitoweo cha maelfu ya nyumba. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Samaki huifuata nuru, na wavu huwainua.

Taa hiyo hufanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru huenea ziwani kote, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mvuvi wa Kivu, ingawa huenda hakusoma darasa hata moja la elimu ya nyota, hana budi kuujua mwezi. Anajua kwamba kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa kiasi cha dakika 50, na kwamba baada ya mwezi mpevu giza la mwanzo wa usiku hurefuka siku hadi siku. Mama wa nyumbani anayejua hesabu hiyo hujua pia ni lini sambaza watakuwa tele sokoni na ni lini watapanda bei.

Mvuvi huyo hujua jambo jingine. Mpaka wa majini hauna jiwe wala waya. Anayepoteza mwelekeo usiku hujikuta katika maji ya nchi nyingine bila kukusudia, na askari wa doria, wa upande wowote, wana wajibu wa kumhoji. Kwa mvuvi na kwa askari wa majini, kujua kaskazini ni ipi ni sehemu ya usalama wa kazi.

KUZISOMA NYOTA ZA GISENYI

Hapa ndipo Gisenyi ina upekee wake. Nyota ya Jaa, ile iliyowaongoza mabaharia wa Uarabuni, haionekani Gisenyi, kwa kuwa mji uko kusini kidogo mwa ikweta, kiasi cha uzi 1 na dakika 42, na nyota hiyo imejificha chini ya upeo. Lakini kaskazini kuna mlima Nyiragongo, umbali wa kilomita 20 hivi, karibu sawasawa na kaskazini ya kweli. Katika miaka ambayo shimo lake lilikuwa na moto unaotokota, wekundu wake ulionekana usiku kutoka majini kama taa ya bandari. Mlima huo si rafiki wa kuchezewa: ulilipuka mwaka 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, nao uliua watu na kuharibu nyumba. Hata hivyo kwa mwelekeo umekuwa shahidi wa kuaminika.

Upande wa kusini ziwa liko wazi. Usiku wa mwezi Mei, karibu saa tatu, Msalaba wa Kusini husimama wima juu ya maji, na mti wake mrefu huelekeza chini kwenye kusini ya kweli. Mwezi Desemba, mara baada ya giza kuingia, nyota tatu zilizopangana za mshipi wa Orioni huchomoza mashariki. Nyota hizo ziko karibu kabisa na mstari wa ikweta ya mbingu. Kwa hiyo popote alipo mtu duniani, huchomoza mashariki na kuzama magharibi. Askari aliyepoteza dira na akazikumbuka hizo tatu hajapotea.

Wazazi wanaweza kufanya majaribio mawili nyumbani bila gharama.

La kwanza ni la kivuli. Simika kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja mahali tambarare. Tarehe 13 Juni, kuanzia saa tano na nusu asubuhi, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka. Kitakapokuwa kifupi kuliko vyote, jua limefika kilele cha Gisenyi, na kivuli chenye sentimita 46 hivi kitaelekea kusini, ziwani. Saa ya mkononi itaonyesha saa sita na dakika tatu hivi. Kwa nini si saa sita kamili? Kwa sababu saa za Rwanda na za mashariki ya Kongo hufuata longitudo ya nyuzi 30, mstari ule ule uliotajwa katika tangazo la 1885, unaopita karibu na Kigali. Gisenyi iko kilomita 82 hivi magharibi ya mstari huo, na jua huchukua dakika tatu kuufikia mji. Mtoto aliyezihesabu dakika hizo tatu amepima longitudo. Jaribio likirudiwa tarehe 25 Desemba, kivuli kitaelekea upande wa pili, kwa Nyiragongo.

La pili ni la kamali. Kata kipande cha kadibodi chenye upana wa vidole vinne, toboa katikati, pitisha uzi na uufunge fundo nyuma. Mtoto aukamate uzi kwa meno na kupima urefu wa nyota moja juu ya ziwa, kisha afunge fundo mahali ambapo kadibodi inalingana sawasawa na nyota na upeo. Akirudia wiki nyingine nyota hiyo hiyo ikiwa kileleni mwa safari yake, fundo litakuwa lile lile, maana Gisenyi haikuhama. Akipelekwa kwa ndugu zake Mombasa, ataona nyota za kusini zimepanda kidogo, na fundo la Gisenyi halifai tena. Hivyo ndivyo manahodha walivyozikumbuka bandari.

YANAYOFAA KUHIFADHIWA

Leo simu ya mkononi hutaja mahali pa mtu kwa kupokea ishara kutoka kwenye setilaiti zilizoko juu kiasi cha kilomita 20,200. Kanuni yake ni ile ile ya Harrison. Kila setilaiti imebeba saa, na mahali hupatikana kwa kulinganisha nyakati. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde humpotosha mtu kwa mita 300. Chombo kimebadilika, elimu haikubadilika. Na betri inapokwisha katikati ya ziwa, hubaki elimu.

Somo kubwa la Ziwa Kivu ni kwamba mwaka 1885 aliyekuwa na karatasi alimshinda aliyekuwa na ziwa. Wenyeji walijua kila ghuba, kila upepo wa jioni na kila mwamba, lakini elimu hiyo haikuandikwa, na kwa hiyo haikuhesabiwa. Makosa hayo hayapaswi kurudiwa na vizazi vya leo. Wako wazee wa Rubavu wanaojua majina ya nyota kwa lugha ya Kinyarwanda na nyimbo za makasia, na wanaojua jinsi mitumbwi ya mti mmoja ilivyochongwa. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wakawaulize na kuandika majibu pamoja na jina la mzee, mahali na tarehe. Familia inaweza kuhifadhi kasia la babu badala ya kulifanya kuni. Makumbusho ya Mombasa, Lamu na Kigali yalianza na vitu vya namna hiyo, ambavyo mtu fulani alikataa kuvitupa.

Mpaka wa 1910 utaendelea kuheshimiwa, kwa kuwa amani ya majirani inautegemea. Lakini mtoto wa Gisenyi anayejua jinsi ulivyopimwa, na anayeweza kuonyesha kusini kwa Msalaba wa nyota na kaskazini kwa mlima, hatasubiri mgeni aje kumwambia ziwa lake liko wapi.